Dedan Kimathi: Sura ya mateka iliyohamia kwenye ubao

PICHA mashuhuri zaidi ya Dedan Kimathi ilipigwa wakati ambapo hakuwa na uwezo wa kuikataa. Ilikuwa Oktoba 1956. Mpiganaji huyo aliyesakwa kwa miaka minne katika misitu ya Nyandarua alikuwa amelazwa, ana jeraha la risasi pajani, mikono yake imetiwa pingu na nywele zake ndefu za misokoto zimetawanyika. Serikali ya kikoloni ilitaka kila mtu aone kwamba mambo yamekwisha. Vikaratasi zaidi ya 120,000 vyenye picha yake akiwa amebebwa kwenye machela vilichapishwa na kusambazwa, ili kuwavunja moyo wapiganaji waliosalia msituni na raia waliowaunga mkono.

Miaka mingi baadaye, sura hiyo ya mateka ndiyo inayochapwa kwenye fulana na kuchorwa kwenye kuta na ubavuni mwa matatu. Na tangu mashine ndogo za leza zilipoanza kuuzwa kwa bei ambayo karakana ya mtu mmoja inaweza kuimudu, sura hiyo imefungukiwa na makao mengine: ubao. Fundi wa Nyeri, Karatina au Nanyuki mwenye kompyuta na mashine inayotosha juu ya meza anaweza kuichukua picha hiyo ya zamani na kuichoma juu ya kipande cha mti kabla ya chakula cha mchana.

Makala haya yanasimulia maisha ya mtu huyo kwa ajili ya fundi atakayeichoma sura yake, na kwa ajili ya mnunuzi atakayeitundika ukutani. Mashine huiona picha kuwa nukta tu, nyeusi na nyeupe. Aliyelala pale alikuwa nani, na kwa nini alifungwa pingu zile, ni mambo ambayo binadamu hana budi kuyajua mwenyewe.

Karo iliyotoka mitini

Kimathi wa Waciuri alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920 katika kijiji cha Thegenge, eneo la Tetu, wilayani Nyeri. Tetu ni nchi ya mabonde na vilima, ambako mashamba ya Wagikuyu yanapanda hadi kukutana na msitu wa milima ya Nyandarua, ile ambayo Waingereza waliiita Aberdare. Baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa. Alilelewa na mama yake, Waibuthi, pamoja na bibi yake.

Alianza shule akiwa amechelewa, kama walivyochelewa watoto wengi wa wakati huo. Alikuwa na umri wa miaka 15 hivi alipoingia shule ya Karuna-ini. Humo alijifunza Kiingereza kwa bidii, akapenda midahalo na mashairi, na akajulikana kwa kutembea na Biblia. Lakini karo ilikuwa mlima. Ili kuilipa, kijana huyo alifanya kibarua cha kukusanya mbegu za miti kwa ajili ya Idara ya Misitu. Ni jambo dogo katika maisha ya mtu mkubwa, hata hivyo linafaa kukumbukwa na kila anayeshika ubao kwa nia ya kumchora Kimathi: mti ndio uliomsomesha.

Baadaye alijiunga na shule ya misheni ya Kanisa la Scotland huko Tumutumu, karibu na Karatina. Hakumaliza. Fedha zilimwishia, naye akaacha masomo. Mwaka wa 1940 aliingia jeshini, lakini hakudumu. Aliondolewa baada ya muda mfupi kwa kile wakubwa wake walichokiita ulevi na ugomvi. Miaka iliyofuata alipita katika kazi mbalimbali, ukiwemo ualimu, na hakuna iliyomshika kwa muda mrefu.

Historia hiyo ya kuhangaika haikuwa yake peke yake. Katika miaka ya 1940 vijana wengi wa Nyeri, Murang'a na Kiambu walijikuta wamesoma kidogo, hawana ardhi ya kutosha, na mbele yao kuna mashamba makubwa ya walowezi ambayo wangeweza kuyaingia kama vibarua tu. Waliokwenda vitani Burma na kwingineko walirudi wakiwa wamemwona Mzungu akivuja damu na kuogopa kama mtu mwingine yeyote. Chuki ya ardhi na dharau ya ubaguzi wa rangi zilikutana katika kizazi kimoja.

Kutoka ofisi ya chama hadi msituni

Kimathi alivuka safu ya Nyandarua na kufanya kazi upande wa Ol Kalou na Thomson's Falls, mji ambao leo unaitwa Nyahururu. Huko alijiunga na chama cha Kenya African Union, maarufu kwa jina la KAU, na mwaka wa 1952 akachaguliwa kuwa katibu wa tawi lake la eneo hilo. Ukatibu ulimfaa. Alikuwa mtu wa kalamu, mwenye kupenda kuandika na kuhifadhi alichoandika. Wakati huo huo alikuwa akiendesha viapo vya umoja vilivyoenea kwa siri miongoni mwa Wagikuyu, Waembu na Wameru, na ambavyo serikali ilivipiga vita kwa jina la Mau Mau.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Jomo Kenyatta na viongozi wenzake walikamatwa. Kimathi naye aliwahi kutiwa mbaroni mwaka huo, lakini alitoroka, akaingia msitu wa Nyandarua. Aliouingia akiwa katibu wa tawi la chama, aliutoka baada ya miaka minne akiwa mtu anayetafutwa kuliko wote nchini. Serikali ilitangaza zawadi ya pauni 500 kwa atakayefanikisha kukamatwa kwake.

Vita vya msituni vilikuwa na pande mbili za mlima. Upande wa Mlima Kenya, wapiganaji waliongozwa na Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China. Upande wa Nyandarua kulikuwa na Kimathi na Stanley Mathenge, mwanajeshi wa zamani aliyekuwa na wafuasi wake wengi. Agosti 1953, Kimathi aliitisha mkutano mkubwa wa viongozi wa msituni huko Mwathe, ambapo Baraza la Ulinzi la Kenya liliundwa naye akawa mkuu wake. Mapema mwaka wa 1954 kukaundwa chombo kingine kilichoitwa Bunge la Kenya, na Kimathi akachaguliwa kuwa Waziri Mkuu. Akajulikana pia kwa cheo cha Fildmashali.

Majina hayo makubwa yaliwachekesha maadui zake. Lakini yalikuwa na maana. Kimathi alitaka watu waliovaa ngozi na kula asali ya mwituni wajione kuwa serikali inayosubiri, si genge. Kwa hiyo alisisitiza kumbukumbu: orodha za wapiganaji, taarifa za mapigano, kumbukumbu za mikutano na barua. Aliwaandikia wakubwa wa serikali na magazeti. Karani wake, Karari Njama, mwalimu kutoka Nyeri, alisalia hai na mwaka wa 1966 akatoa kitabu kuhusu maisha hayo, akishirikiana na msomi Mmarekani Donald Barnett. Sehemu ya hati za msituni zilizonaswa na maafisa wa serikali ilikuja kuchapishwa miongo mitatu baada ya vita.

Mti ulikuwa mwenzi wa vita hivyo kila siku. Wapiganaji walijificha chini ya mianzi, walitengeneza bunduki za kienyeji kwa mbao na vipande vya bomba la chuma, na waliachiana barua katika matundu ya miti mikubwa. Mugumo, mti mtakatifu wa Wagikuyu, ulikuwa mahali pa sala. Ulikuwa pia ndio uliobeba hoteli ya Treetops karibu na Nyeri, ambamo Elizabeth alikuwa akilala usiku ambao baba yake alifariki, Februari 1952, naye akawa Malkia. Mwaka wa 1954 wapiganaji waliiteketeza hoteli hiyo.

Serikali nayo iliutumia mti dhidi yao. Kando ya msitu ulichimbwa mtaro mrefu uliojazwa vijiti vya mianzi vilivyochongwa, ili chakula kisipite kutoka vijijini. Wananchi zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji vilivyozungushiwa ua na kulindwa na homgadi. Mashamba yaliyokuwa karibu na msitu yakabaki bila watu. Njaa ikawa silaha.

Upande mchungu wa simulizi

Anayemchora shujaa hushawishika kumlainisha. Maisha ya Kimathi hayakubali kulainishwa. Nidhamu yake msituni ilikuwa kali, na wapo wapiganaji waliouawa kwa amri yake kwa tuhuma za usaliti au ukaidi. Ugomvi wake na Mathenge uliwagawanya watu wa Nyandarua. Mathenge na wafuasi wake hawakupendezwa na bunge lililojaa waliosoma, na walimwona Kimathi kuwa mtu anayejikusanyia mamlaka. Kadhalika, wengi waliouawa na Mau Mau walikuwa Wagikuyu wenzao, na machungu ya familia za pande zote mbili yangali yanasikika katika vijiji vya Nyeri na Murang'a.

Kwa upande wa pili wa mizani, serikali ya kikoloni iliwanyonga watu 1,090 katika kipindi cha hali ya hatari na kuwafunga maelfu kwa maelfu bila kesi. Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kwamba watu walioshikiliwa waliteswa, ikaeleza majuto na kulipa fidia zaidi ya wazee 5,000.

Kufikia 1955 msitu ulikuwa umeanza kuwa mtupu. Jenerali China alikuwa amekamatwa Januari 1954. Katika Nairobi, operesheni ya Aprili mwaka huo ilikuwa imekata mizizi ya chama mjini. Mathenge alitoweka. Afisa wa polisi Ian Henderson, aliyekulia Nyeri na kukijua Kikuyu kama lugha ya mama, aliwatumia wapiganaji waliojisalimisha kuwawinda wenzao wa jana. Kila mwezi duara lilimkaribia Kimathi.

Asubuhi moja ya Oktoba

Tarehe 21 Oktoba 1956, miaka minne na siku moja tangu hali ya hatari itangazwe, Kimathi alitoka msituni akiwa peke yake, mwenye njaa, na kuingia ukingo wa mashamba ya Tetu. Alikuwa amevaa koti la ngozi ya chui. Hapo hapakuwa mbali na alikozaliwa, na siku kumi tu zilikuwa zimesalia atimize miaka 36. Askari wa polisi wa kikabila aitwaye Ndirangu Mau alimwona, akafyatua risasi, na moja ikampata pajani. Mtu aliyewachenga wanajeshi na ndege za kivita alikamatwa na mwanakijiji aliyekuwa doria.

Ndipo kamera zikaja.

Alipelekwa hospitali ya Nyeri kutibiwa, kisha mahakamani mjini humo. Kesi ilianza tarehe 19 Novemba mbele ya Jaji Mkuu, Sir Kenneth O'Connor, akisaidiwa na wazee watatu Waafrika wa mahakama. Hakushtakiwa kwa kuongoza vita wala kwa mauaji. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi, kosa ambalo chini ya sheria za hali ya hatari lilitosha kumpeleka mtu kitanzini. Kimathi alijitetea kwamba alikuwa akitoka msituni ili kujisalimisha. Tarehe 27 Novemba alihukumiwa kifo. Rufaa yake katika Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilitupwa mwezi Desemba, na Baraza la Faragha mjini London nalo likakataa kuingilia kati.

Usiku wa mwisho, tarehe 17 Februari 1957, alimwandikia barua Padri Marino wa misheni ya Kikatoliki ya Nyeri. Iliandikwa kwa utulivu wa mtu aliyejiandaa. Miongoni mwa mambo yaliyomshughulisha lilikuwa elimu ya mwanawe. Mtoto aliyeacha shule kwa kukosa karo, na aliyewahi kuokota mbegu ili alipe, alikuwa akiifikiria karo hata katika mlango wa mauti. Kesho yake asubuhi, tarehe 18 Februari, alinyongwa katika gereza la Kamiti na kuzikwa katika kaburi lisilo na alama.

Mashine ambayo haikuwako

Alipokufa, leza ilikuwa haijazaliwa. Ya kwanza iliwaka California mwaka wa 1960, mikononi mwa mwanafizikia Theodore Maiman. Mwaka wa 1962 watafiti wa Marekani walifaulu kutoa leza kutoka kwa dayodi, yaani kipande kidogo cha kinyamkondo kinachogeuza umeme kuwa mwanga. Dayodi za awali zilitoa mwanga usioonekana kwa macho. Ile ya rangi ya buluu, ambayo mti huifyonza vyema, ilipatikana Japani katika miaka ya 1990 kutokana na kazi ya Shuji Nakamura. Mashine nyingi za mezani za leo hutumia mwanga huo, wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 450 hivi, na nguvu ya wati tano hadi kumi au zaidi kidogo.

Namna inavyofanya kazi si ya kutatanisha. Lenzi hukusanya mwanga wote katika nukta isiyozidi sehemu ya kumi ya milimita au zaidi yake kidogo. Pale nukta inapogusa, uso wa mti huungua na kuwa mkaa. Kichwa cha mashine huenda na kurudi juu ya ubao, mstari baada ya mstari, kikiwaka na kuzimika jinsi kompyuta inavyoamuru. Katika picha yenye mistari kumi kwa kila milimita, ubao wa upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 20 huhitaji mistari 2,000. Ndiyo maana kazi huchukua muda.

Ugumu ni kwamba mti hauna rangi ya kijivu iliyo tayari. Picha ya kamera ina mamia ya vivuli kati ya weusi na weupe. Ubao una rangi yake mwenyewe na rangi ya mkaa, na kati ya hizo kuna nafasi finyu. Kwa hiyo programu huigeuza picha kuwa nukta. Penye kivuli kizito nukta husongamana, penye mwanga hutawanyika, na jicho likisimama mbali huziunganisha likaona shavu, paji la uso na nywele. Magazeti yalifanya vivyo hivyo kwa wino kwa zaidi ya karne moja. Kabla ya hapo, katika karne ya 19, mafundi wa Ulaya walichonga picha kwenye vibao vya mti mgumu kwa patasi, kisha vibao hivyo vikapakwa wino na kupiga chapa kurasa za magazeti. Leza imeirudisha kazi hiyo kwenye mti, ila safari hii ubao wenyewe ndio picha.

Uchaguzi wa mti ni nusu ya kazi. Msonobari, ambao unapatikana kwa urahisi, una mistari ya kukua inayopishana, mmoja laini na mwingine mgumu. Ule laini huungua haraka, na uso wa mtu hutokea kama umefunikwa na mkeka. Jakaranda, ambayo wachongaji wa Kenya wameizoea kwa miaka mingi, ni nyeupe na laini. Podo ina rangi hafifu ya manjano na nyuzi zilizolingana, lakini ni mti wa asili unaokua polepole, na fundi mwenye busara atatafuta mbao za zamani zilizokwisha kutumika kuliko kuuchokoza msitu. Plaiwudi nyepesi isiyo na mafundo hufaa kwa wanaojifunza. Ubao wowote upigwe msasa hadi uwe laini, ufutwe vumbi, na ujaribiwe pembeni kwanza, kwa sababu kila mti huungua kivyake.

Na tahadhari isipuuzwe. Mwanga huo wa buluu huweza kuharibu jicho kwa kufumba na kufumbua, hata ule unaorudishwa na kitu kinachong'aa. Miwani ya kinga inayozuia rangi hiyo ni lazima, dirisha liwe wazi kwa ajili ya moshi, na mashine isiachwe peke yake hata dakika moja, kwa kuwa kazi yake ni kuwasha moto.

Kipi kiachwe, kipi kikatwe

Picha ya Kimathi ina mitego yake. Ni ya zamani, na nakala nyingi zinazosambaa ni nakala za nakala. Nywele ni nyeusi na kivuli ni cheusi. Fundi akiiacha programu iamue, misokoto yote huungua kuwa doa moja la mkaa, na kichwa cha Kimathi huonekana kama kimevaa kofia. Akipunguza weusi ili nywele zionekane moja moja, uso nao hufifia na kupotea katika rangi ya ubao. Anayejua kazi hufungua vivuli vya nywele kidogo kidogo, hung'arisha kwa uangalifu upande mmoja wa uso, na hutumia muda mrefu zaidi kwenye macho. Macho yakikosewa, aliyechorwa ni mtu mwingine.

Lakini uamuzi mkubwa zaidi si wa mashine. Ni wa mahali pa kuikata picha. Wako wanaobakiza kichwa peke yake, wakaondoa pingu. Sababu yao inaeleweka: hawataki kumtundika sebuleni mtu aliyeshindwa. Sanamu ya shaba iliyozinduliwa na Rais Mwai Kibaki katika Barabara ya Kimathi, Nairobi, tarehe 18 Februari 2007, ilimpa heshima ya namna hiyo. Mchongaji Kevin Oduor alimwonyesha amesimama wima, amevaa sare, mkononi ana bunduki. Hiyo ndiyo sura ambayo taifa lilikuwa likimdai kwa nusu karne. Ikumbukwe kwamba hadi mwaka wa 2003 Mau Mau ilikuwa ingali imepigwa marufuku katika sheria za Kenya huru, na kwamba Nelson Mandela, alipozuru nchi mwaka wa 1990, ndiye aliyewashangaza wenyeji kwa kumtaja Kimathi kwa heshima na kuulizia mjane wake.

Hata hivyo, ubao si sanamu. Sanamu huonyesha tunavyotaka mtu awe. Picha huonyesha kilichompata. Anayeziondoa pingu anaondoa pia koti la ngozi ya chui, njaa ya Tetu, mahakama ya Nyeri na usiku wa Kamiti. Anabaki na kijana mwenye misokoto, sura nzuri ya kupamba duka, isiyomdai mtazamaji chochote. Waliozichapisha zile nakala 120,000 walitaka pingu zionekane ili watu wakate tamaa. Watu walizitazama pingu, na baadaye wakaiweka picha kwenye kuta zao. Heshima iliyoko katika picha hiyo imetoka hapo.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, pingu zibaki. Na nyuma ya ubao paandikwe jina kamili, mahali pa kuzaliwa na tarehe mbili: 31 Oktoba 1920 na 18 Februari 1957. Leza huandika herufi kwa urahisi kuliko inavyochora uso. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na itamfaa mtoto atakayekuta ubao huo miaka 50 ijayo akajiuliza ni wa nani.

Jina lake halikosi mahali pa kukaa. Lipo kwenye barabara za miji mingi, na lipo kwenye Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, nje kidogo ya mji wa Nyeri, ambacho kilipata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka wa 2012 na ambako vijana husomea uhandisi, pamoja na elimu ya mwanga na umeme inayoziendesha mashine kama hizi. Lipo katika tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo ya mwaka wa 1976, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi.

Kinachokosekana ni kaburi. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba kwa miaka mingi mabaki ya mumewe yatafutwe Kamiti ili azikwe kwa heshima. Alifariki Mei 2023 na kuzikwa huko Njabini, Nyandarua, bila ombi hilo kutimizwa. Familia nyingi za Nyeri na miji ya Mlima Kenya ziko katika hali hiyo hiyo: wana jina, labda na picha moja, na hawana mahali pa kuweka shada. Picha hizo nyingi ni za pasi na vitambulisho vya kipande, zimejikunja katika makasha na zinafifia mwaka hadi mwaka.

Fundi wa leza mwenye nia njema angeweza kuanza na hizo. Kimathi ana wa kumkumbuka. Nyanya fulani wa Othaya au Mukurwe-ini, ambaye picha yake pekee ilipigwa na karani wa serikali kwa ajili ya kipande, hana sanamu wala barabara. Ubao mmoja wa jakaranda, wenye jina na tarehe upande wa nyuma, unamtosha.